Mwalimu Rozalia Kiwope: Miaka Thelathini na Saba, Mifupa Saba

Ijumaa hii, tarehe 14 Agosti 2026, Mwalimu Rozalia Kiwope anatimiza miaka sitini ya kuzaliwa, na anastaafu baada ya kuitumikia serikali kwa miaka thelathini na saba na siku arobaini na nne. Hizo siku arobaini na nne nimezihesabu mwenyewe, maana mimi ni mwalimu wa hisabati na mwenzangu huyu hapendi kitu cha kukadiriwa. Kamati ya sherehe iliniomba niandike ukurasa mmoja. Nimeshindwa, na wasipoweza kuyachapa haya yote basi wakate pale kwenye sifa zangu, si zake.

Alianza kazi Igowole mwaka 1989, binti mrefu mwembamba, akifundisha darasa la kwanza lenye watoto tisini na madawati kumi na mawili. Walimu wa zamani wa kule bado wanasimulia jinsi alivyokuwa akicheza mpira wa pete akiwa na chaki mfukoni, na jinsi alivyowafukuza ng'ombe walioingia kwenye bustani ya shule kwa kupiga kengele ya mapumziko hadi wakachoka wenyewe. Mwaka 1996 akaenda kusoma elimu maalumu, na mwaka 1998 akaletwa hapa Shule ya Msingi Nyalulembe, Ipogolo, Iringa, kufungua kitengo cha wanafunzi wasioona. Alikabidhiwa chumba kimoja, mashine mbili za kuandikia nukta nundu na watoto watatu, mmoja akiwa analia.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wageni wetu wengi hawalijui. Nukta nundu husomwa kwa vidole, na kwa miaka mingi shuleni kwetu vidole vya mtu mzima vilivyoweza kusoma kazi za watoto vilikuwa vya mtu mmoja tu. Walimu wengine waliletwa, wawili kwa hesabu, na wote wawili walihamishwa kabla hawajamaliza kujifunza. Kwa hiyo siku Mwalimu Rozalia angekosekana kabisa, kitengo kingefungwa, na watoto wangerudi Igowole, Ubaruku na kwingineko wakakae nyumbani. Hiyo ndiyo hofu aliyoamka nayo kila siku. Nayo isingekuwa hofu kubwa kama angekuwa mzima.

Hakuwa mzima. Mwaka 2003 alishikwa na baridi yabisi, ile ya kuvimba viungo hadi kufunga kifungo cha blauzi kunakuwa kazi ya robo saa. Aliandikiwa vidonge vya kutuliza uvimbe, akavinywa kwa miaka, na kwa hivyo aliweza kushika chaki. Presha ikafuata, kisha kisukari mwaka 2010. Sisi ofisini tulikuwa tukimtania kwamba mkoba wake una dawa nyingi kuliko duka la dawa la njia panda, naye alikuwa akicheka na kutuuliza nani anaumwa kichwa leo.

Ugonjwa wa mifupa haukugunduliwa na daktari. Uligunduliwa na mtoto wa darasa la sita. Mbuke Masunga alitoka kwenye familia ya wafugaji wa Ubaruku, waliohamia Usangu kutoka Usukumani, na hakuwa ameona chochote tangu azaliwe. Watoto wetu hutembea wakimshika kiwiko anayewaongoza. Mwaka 2013 Mbuke akamwambia mwalimu wake kwamba kiwiko chake zamani kilikuwa kikipita juu ya kingo za madirisha ya korido, na siku hizi kinazigonga. Mwalimu Rozalia akacheka, akamwambia ni yeye Mbuke aliyerefuka. Mbuke akajibu kwa adabu kwamba ni kweli amerefuka, lakini madirisha hayajarefuka.

Kisha akaomba ampapase mgongo. Baba yake, Mzee Masunga, alikuwa amemfundisha tangu mdogo kujua hali ya ndama kwa kupitisha kiganja kwenye uti wa mgongo, naye alikuwa akiaminiwa zizini kuliko kaka zake wenye macho. Alipitisha kiganja kwa mwalimu wake, akafika katikati, akasimama. Akasema, “Mayu, hapa pamebonyea. Nenda hospitali.” Mayu kwao ni mama.

Alikwenda. Picha za eksirei zilionyesha pingili tatu za uti wa mgongo zimeshabonyea bila yeye kuanguka wala kugongwa na kitu. Akapelekwa Mbeya kwa bingwa, na huko akaelezwa kuwa vile vidonge vilivyomwokolea viungo vilikuwa vikimla mifupa polepole. Daktari alimfananishia na andazi lililoumuka kupita kiasi, ambalo ukilitazama ni zima na ukilibonyeza ndani ni hewa. Alirudi Iringa akiwa amevaa mkanda mgumu wa mgongo chini ya gauni, akaingia ofisini wakati wa chai, akatazama sinia la maandazi, akasema leo hapana. Tulicheka mpaka machozi. Baadaye nilijifikiria na kuona kwamba sikujua nilikuwa nacheka nini.

Kuishi na mifupa ya namna ile ni kazi nyingine kamili, na yeye aliifanya juu ya kazi hii. Hakuweza kuinua ndoo, hakuweza kupiga chafya bila kwanza kuegemea ukuta. Kuna kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki, ambacho humezwa asubuhi bila kula, na ukishameza hutakiwi kulala wala kuinama kwa nusu saa nzima. Alichagua Jumatatu, akisema paredi ya Jumatatu itamsimamisha wima atake asitake. Na kwa kuwa kisukari hakipatani na kukaa na njaa, alisimama kwenye paredi ile na pipi mfukoni na jicho kwenye saa. Miaka yote hiyo sisi tulidhani ni mwalimu anayependa sana wimbo wa taifa.

Watoto wetu humjua mtu kwa kumshika, na kumkumbatia mwalimu ndiyo salamu yao. Ilibidi awaambie ukweli. Aliwaita mmoja mmoja, akawapa kidole chake cha shahada, akawafundisha kukibana mara mbili: hiyo ndiyo kamwene yake, salamu ya huku kwetu, na hiyo ndiyo kwaheri yake. Hata wadogo wa darasa la kwanza walielewa siku hiyohiyo. Watu wazima ndio tuliochelewa, kama nitakavyokiri hapa chini.

Mwaka 2017 aliteleza kwenye ngazi moja tu, ngazi fupi kama tofali, akavunjika mkono wa kulia juu ya kiganja. Ulipounga haukuwa na nguvu tena. Mashine ya nukta nundu ina vitufe sita, vitatu vya mkono wa kushoto na vitatu vya kulia, na herufi moja inaweza kudai vyote vibonyezwe kwa pamoja. Mkono mmoja haufiki. Basi akabuni utaratibu ambao mimi sijausikia kwingine: anakaa na mwanafunzi kwenye benchi moja mbele ya mashine moja, yeye anabonyeza upande wa kushoto, mwanafunzi upande wa kulia, na anayekosea anafuta. Alikuwa akitafuta mkono wa kuazima, kumbe amepata njia ya kufundishia. Mtoto aliyekaa naye wiki mbili alijua herufi zote, maana huwezi kuandika nusu ya herufi bila kuijua yote.

Lakini mitihani ilikuwa siri, na mtoto hawezi kuandika mtihani atakaoufanya mwenyewe. Mkono wa mtu mzima ukahitajika. Nikaitwa mimi, Amos, kwa sababu nilikuwa na kipindi cha wazi siku ya Alhamisi. Sina sifa nyingine. Nilibonyeza vitufe vyangu vitatu kwa kumsikiliza tu, bila kujua ninachoandika, na niliridhika hivyo kwa miaka sita.

Mwaka 2019 mfupa wa unyayo ulivunjika alipokuwa akishuka kwenye bajaji, na mwaka uliofuata jopo la madaktari lilipendekeza apumzishwe kwa sababu za afya. Angelipwa haki zake zote na asingelaumiwa na mtu. Barua yao aliijibu kwa mistari minne. Aliwashukuru, akasema wamesema kweli kuhusu mifupa, na akaomba asiondoke hadi apatikane mwalimu mwingine anayesoma kwa vidole, kwa kuwa watoto hawana jopo la kuwatetea. Mwalimu Mkuu wetu, Eliezeri Mahenge, aliyapeleka majibu yale mwenyewe, kwa mkono, ofisi ya elimu, na akakaa kwenye benchi la ofisi ile mpaka yalipopokewa. Mwalimu Rozalia akakubaliwa kubaki.

Sasa kosa langu. Mwaka 2023 matokeo ya darasa la saba yalipotoka, watoto wetu wanne wasioona walikuwa wamefaulu wote wanne. Mnajua desturi yetu hapa: mtu akileta ushindi, ananyanyuliwa juu. Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Nilimkumbatia, nikamnyanyua, nikazunguka naye mara moja, na nikasikia sauti ambayo sitaisahau, ndogo, kama kijiti kikavu. Aliniambia kwa utulivu nimshushe polepole. Akakaa, akashika ubavu, akaomba majina yote manne yasomwe mpaka mwisho pamoja na alama zao. Ndipo akakubali kwenda hospitali. Mbavu mbili.

Nilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi nikiwa nimeandaa maneno mengi. Hakunipa nafasi. Aliniambia kwamba mbavu hazirudishwi kwa kuomba radhi, kwa hiyo nitalipa kwa njia nyingine: madaftari mawili ya nukta nundu, moja kwa kila ubavu, niyasome kwa vidole, macho yamefungwa, mbele yake, kila jioni saa kumi na moja. Nilidhani ni utani. Nilipofika kesho yake nimechelewa dakika tano, akaniongezea daftari la tatu.

Jamani, nilisoma. Nilisoma hadi ncha za vidole zikawa hazijui tofauti ya nukta na punje ya mchanga. Yeye alikuwa amelazwa kwenye godoro gumu, mbavu zimefungwa, sindano ya kisukari mezani, akinisahihisha kwa kusikiliza tu, maana yale madaftari aliyajua kwa moyo. Nikikosea aligonga ukuta. Kusifu hakusifu. Nilitaka sana aseme neno moja tu kwamba sasa naweza, na kwa miaka mitatu hakulisema. Tulisomesha pamoja, tukasahihisha pamoja, na kila nilipomtazama usoni nione kama ametosheka alinipa karatasi nyingine.

Nimefanya kazi na watu hodari wengi, na wengine walikuwa na nguvu za kubeba magunia. Sijawahi kumwona mtu aliyevunjika mifupa saba na akabaki na hamu ya kujua kama Frida wa darasa la pili ameshika herufi ya N. Simwelewi mpaka leo. Nakiri tu kwamba namstaajabia, na kwamba mara nyingine nilimwogopa.

Kwa wageni wetu wa Ijumaa, ombi moja. Najua mmenunua vitenge, na najua mmezoea kucheza hadi mbele na kumvisha mstaafu mabegani kimoja juu ya kingine. Mwaka huu vitenge vitawekwa mezani. Mabega yale hayabebi hata upendo wenu. Anayetaka kumsalimu ampe kidole, na asikibane sana.

Juzi Jumatano tulifanya makabidhiano ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Kila mtumishi anayeondoka huandika taarifa ya vifaa alivyonavyo na hali ya kila kimoja. Mwalimu Rozalia alileta karatasi nene isiyo na hata tone la wino, ameiandika yote kwa nukta nundu, na akamwambia Mwalimu Mkuu kwamba anayepokea ndiye atakayesoma. Mwalimu Eliezeri akanisogezea. Nikafumba macho, nikaanza. Mashine sita, nne nzima, mbili mbovu. Kabati moja, zima, mlango unakwama. Vitabu mia moja na kumi, tisa vimeliwa na mchwa. Wanafunzi kumi na wanne, wote wazima.

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Nilipitisha kidole, nikakirudisha, nikapitisha tena. Umeandikwa hivi: Mwalimu mmoja, anasoma.

Mwalimu Mkuu akauliza kama kuna kifaa kimepotea. Nikamwambia hakuna kilichopungua, nikatia sahihi.

Asante, Mwalimu Rozalia. Ukae juani asubuhi kama daktari alivyosema, na upumzike bila hofu. Sisi wote wa Nyalulembe tunakuombea siku nyingi, laini, zisizo na ngazi. Jumatatu saa mbili kamili nitaingia darasani peke yangu, na watoto watanipa kazi zao nizisome.

Amos Chaula, kwa niaba ya walimu wenzako