Alois Aliyeiogopa Barabara ya Mgeta

Baba Paroko, wazee wetu, shikamooni, ndugu na majirani mliopanda mlima huu pamoja na utelezi wake kuja kumsindikiza mwenzetu, mimi ni Eustace, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenisimamisha hapa niwaeleze maisha ya kaka yangu tangu alipozaliwa hadi alipotutoka.

Kaka Alois alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 hapahapa Nyandira, Mgeta, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Stefano na marehemu Mama Theresia, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, na alipomaliza akashika jembe pamoja na baba kwenye mashamba ya kabichi na njegere, mpaka mwaka 1969 alipopata kazi ya utingo kwenye lori la mboga lililokuwa likishuka Morogoro mjini.

Tarehe 3 Mei 1972 lori lile lilikatika breki kwenye mteremko, Alois akaruka, lakini dereva, marehemu Paulo, aliyekuwa akimfundisha kuendesha, alibaki na usukani mkononi hadi bondeni, na kaka ndiye aliyeteremka kwa mikono na magoti kwenda kumtoa, akamkuta hana uhai. Tangu siku hiyo kaka yangu aliiogopa barabara ile, na sisemi hivi kumpunguzia heshima, kwa maana yeye mwenyewe hakuficha, alirudi shambani, na kwa miaka mingi akiwa na shida ya mjini alishuka kwa miguu.

Tarehe 21 Septemba 1974 alifunga ndoa takatifu na Paskalia, na Mungu akawajalia watoto watatu, Angelina mwaka 1975, Emmanuel mwaka 1978 na Glory mwaka 1983.

Miaka ya ruksa ilipoingia, biashara ikafunguliwa, wanunuzi kutoka Dar es Salaam wakawa wanatafuta mboga za huku juu, na sisi tusio na usafiri tukaona kabichi zetu zikiozea kando ya barabara, ndipo shemeji Paskalia alipomwambia mumewe, "Baba Angelina, tunawalimia inzi." Mwezi Juni 1992 wakauza mbuzi wa maziwa na shamba la bondeni, kaka akaenda Dar es Salaam, akamalizia kujifunza udereva, akarudi akiendesha pikapu iliyotumika Japani, ya kabini mbili, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na alipoifikisha hapa alikuwa ameloa jasho, akabaki ameshikilia usukani muda mrefu.

Gari lile alilitunza kwa hofu. Kila alfajiri kabla ya kuliwasha alilala chini yake akipapasa mipira ya breki kwa vidole, akatazama oili na maji, akakaza nati za magurudumu hata kama alizikaza jana, na tairi likianza tu kuwa kipara alilitoa, wakati wenzake walisubiri waone nyuzi. Fundi Hamza wa Kihonda, ambaye tuko naye hapa, ananiambia kwamba siku moja alimshauri, "Mzee, breki hizi bado zina maisha," kaka akamjibu, "Hayo ni maisha yake, Hamza, mimi nataka yangu, zitoe." Hakuna aliyeruhusiwa kukaa juu ya mzigo, na vijana wa stendi wakamwita Mwoga, akaliitikia jina hilo bila kukasirika.

Tarehe 11 Februari 1998, katika mvua za Elinino, jirani yetu Leonard alikuja mbio, mkewe Winfrida alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, damu inatoka, na mkunga amesema apelekwe mjini haraka. Kaka alisema mbele yangu, "Leonard, naogopa, mlima umelegea," akaingia ndani, tukadhani amekataa, kumbe alifuata minyororo ya matairi, akatoka nayo akaifunga, tukampakia Winfrida, tukaondoka pamoja. Tulipofika kwenye kona ambayo ukingo wake ulikuwa umemeguka, alitushusha wote isipokuwa mgonjwa, Leonard akang'ang'ania kubaki na mkewe, kaka akamfokea, "Shuka! Watoto wenu wa nyumbani watalelewa na nani?" Winfrida anasimulia kwamba alimwambia, "Shemeji, usiniache hapa," naye akamjibu, "Sikuachi, ila nyamaza nisikie matairi." Akaingiza gia nzito, gari likajibana kwenye ukuta wa mlima hadi kioo cha pembeni kikavunjika, udongo ukaporomoka nyuma yake, gurudumu moja likaning'inia hewani, sisi tukafumba macho, na tulipoyafumbua gari lilikuwa ng'ambo, na kati yetu hakuna barabara tena. Winfrida alijifungua kwa upasuaji, yeye na mtoto wakapona, na kaka alikutwa nje ya wodi akitapika.

Baada ya hapo presha ilianza kumsumbua, mwaka 2000 akaacha kuendesha, na tarehe 17 Januari 2001 alipata kiharusi, akalazwa mjini, ufunguo wa pikapu akauweka chini ya mto. Emmanuel alipouomba, baba yake alimwuliza, "Unaiogopa ile barabara?" naye kijana akajibu, "Siogopi, baba," mzee akageukia ukutani. Siku chache kabla ya kufariki alimwuliza tena, kwa ulimi mzito, na Emmanuel akashindwa kujikaza, akalia, akasema, "Naiogopa sana, baba." Ndipo kaka alipouvuta ufunguo, akaufumbatisha kiganjani mwa mwanawe. Alifariki tarehe 8 Machi 2001, na jana Emmanuel ndiye aliyempandisha baba yake hadi hapa, nami nilikaa pembeni yake, nikamwona anavyosimama kabla ya kila kona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Fundi Hamza na madereva wenzake wa njia ya Mgeta, majirani mliochimba kaburi kwenye matope, na wakulima wote mliomkabidhi mazao ya jasho lenu.

Kaka Alois, barabara imekwisha, usiogope tena, pumzika kwa amani ya Bwana.