Nyuki wa Nguzo ya Libérate

Kijiwe cha kahawa cha Libérate kiko nyuma ya saluni yake, katikati ya mji wa Durban, chini ya mpasheni uliotambaa kwenye nguzo kavu ya mbao. Matunda yake ndiyo humvusha miezi ambayo wateja wa saluni ni haba. Asubuhi hiyo nyuki mkubwa mweusi, mwenye mkanda wa njano, alikuwa akitoboa nguzo, na unga wa mbao ukidondokea vikombe. Libérate alitaka kujua tu ni nyuki gani. Kijiweni hapo hakuna anayejibu kwa kifupi.

— Huyu si wa hapa, alisema Jules, aitwaye Profesa kwa sababu ya miwani. Nimemuona kwa simu. Bumblebee. Nchi zingine walimuleta kwa mashamba ya nyanya, akatoroka, akanyang'anya nyuki wenyeji chakula.

— Basi alishukia Bluff, pale bandarini, na meli, alisema Serge, Komanda asiyewahi kushika bunduki. Bila karatasi.

— Eish, Komanda! Nyuki? alisema Profesa.

— Cheka tu. Huyu iko na wenzake mia bandarini, wanangoja simu yake.

— Lakini iko anaingia kwa maua yangu kila mwaka, alisema Libérate.

— Anakuibia, Mama, alisema Komanda. Na majirani watauliza: huyu mgeni alilala kwa nani? Kwa Wakongomani!

Hapo hakuna aliyecheka. Libérate aliukumbuka mlango wa saluni uliovunjwa mwaka jana, usiku ule wageni walipofukuzwa.

— Tumuue sisi wenyewe, alisema Profesa. Wenye mji waone tuko pamoja nao.

Libérate ndiye aliyetoa mafuta ya taa. Komanda akalowesha kitambaa, akaziba tundu, nyuki akiwa ndani.

Constance, mteja mpya aliyekuwa akingoja kusukwa, alisogea.

— Tumbo lake lilikuwa na manyoya?

— Manyoya gani?

— Huyu wa kwenye simu amevaa manyoya mpaka mkiani. Wenu je?

Profesa alifuta miwani. Hakuna aliyekuwa ametazama.

Libérate alichomoa kitambaa. Nyuki alijiburuta nje, akaanguka kwenye sinia, akatulia. Libérate alimgeuza kwa kijiko. Kifua kilikuwa na manyoya. Tumbo lilikuwa tupu, jeusi, likimeta kama kiatu cha Jumapili. Nyuki wa mbao. Mwenyeji kuliko wote waliokaa pale.

Juu yao maua ya pasheni yalikuwa yamefunguka. Nyuki wadogo walikuwa wakipita chini ya chavua, bila kuigusa; migongo yao ilikuwa mifupi mno kuifikia.

— Na haya, aliuliza Constance, sasa nani atayazalisha?

Libérate alizima jiko. Kahawa ilikuwa bado nusu birika.