Bundala Ngassa na Ndege Iliyoshuka Dutwa

Nani kati yenu hapa hajawahi kusema kwamba Bundala alikuwa amelewa siku ile ndege ilipoanguka? Msinyooshe mikono, jua ni kali na historia ni ndefu, ila ukoo umenituma mimi mdogo wake wa kike niisome, na niliwaambia mapema kwamba sitasoma uongo kwa sababu tu kuna jeneza.

Marehemu Anatoli Bundala Ngassa alizaliwa tarehe 14 Aprili 1952 hapa Dutwa, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ngassa na Mayu Nyamizi, mama yetu, mnayemwona ameketi pale, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari akasomea Mwanza, na mwaka 1974 akachaguliwa kwenda Soroti, Uganda, kujifunza urubani, jambo ambalo baba hakuliamini mpaka alipoletewa picha, na hata hapo aliuliza kwa nini mtoto amevaa kama kondakta.

Aliporudi alirusha ndege za kunyunyizia dawa mashambani, tarehe 6 Oktoba 1979 akafunga ndoa na Minza wa Binza, Maswa, wakajaliwa watoto watatu, na soko la pamba lilipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, kampuni moja ya wanunuzi ikamwajiri kurusha ndege yake ndogo ya injini moja kati ya Mwanza na Bariadi, akibeba wakubwa waliokuwa na haraka ya kuifikia pamba kabla ya wenzao.

Tarehe 17 Julai 1996 mimi nilikuwemo, mwanafunzi wa Mlimani niliyeomba lifti ya likizo, nimekaa nyuma, na mbele, kulia kwa kaka, alikaa rafiki yake Mahona, aliyeoa hapa hapa Dutwa, msimamizi wa vituo vya kununulia pamba, huku vumbi na moshi wa mashamba vimetanda hata ardhi tukawa tunaibahatisha tu.

Ndege ile ilikuwa na mtambo wa kujiongoza, marubani wanauita otopailoti, wenye kitufe cha kushika kimo, ukikibonyeza ndege inabaki kwenye futi zile zile, haipandi, haishuki, na chini ya kitufe kuna kigurudumu kidogo, ambacho ukikizungusha tu mtambo unaachia kimo na kuanza kupanda au kushuka kwa mwendo uliouagiza, na ule wetu, kwa uzee wake, haukuwa na mahali pa kuuambia uishie wapi, ukishauambia shuka, utashuka mpaka ukutane na udongo. Kaka alikuwa ameushikiza kwenye futi elfu tano na mia tano kutoka usawa wa bahari, na ardhi yetu hii yenyewe iko juu ya elfu nne, kwa hiyo nafasi iliyobaki chini yetu haikuwa ya kuchezea.

Nikaanza kutapika, kaka akageuka kunishikia mfuko, akinitania, "Msomi mzima, huko chuoni hawajawafundisha kutapika kwa adabu?", nikacheka, na katikati ya kicheko masikio yakaziba, nikameza mate, yakaziba tena, nikainua uso dirishani nikaona ng'ombe, na sikuona migongo kama mtu anavyowaona akiwa juu, niliona pembe, niliona mmoja ananitazama.

Nilipiga yowe. Kaka akaugeukia usukani akauvuta, na mtambo ukamvuta kurudi chini, maana ulikuwa bado unatii amri ya kushuka, nikaiona mishipa ya shingo yake imesimama, Mahona amejifunika uso kwa mikono miwili, miti inakuja, mpaka kidole cha kaka kilipokipata kitufe chekundu cha kuukata, pua ikainuka, lakini magurudumu yalikuwa yameshakwaa mti, tukalala kwa tumbo katika shamba la pamba, hai wote watatu, na mimi nimejikojolea, nalisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Mkaguzi wa ajali za ndege alisema mtambo ni mzima, umekutwa kwenye kushuka, na mtambo haujipangi wenyewe, basi wengine mkasema pombe, wengine mkamtafuta bibi wa kumsingizia uchawi, na kaka hakujitetea, kwa sababu hakuwa na uhakika, na hiyo ndiyo hofu iliyomkaa, aliuogopa mkono wake mwenyewe. Aliacha kuruka, akafungua mashine ya kusaga pale Bariadi, akawa akizima swichi anarudi kuigusa, anafika mlangoni, anarudi tena, na kila likizo aliniuliza, "Mdogo wangu, uliniona nikikigusa kile kigurudumu?", nami sikuwa nimeona kitu isipokuwa mfuko.

Desemba 1998 figo zilianza kumsumbua, akalazwa Mwanza, akaaga dunia tarehe 3 Machi 1999 asubuhi, na swali la mwisho aliloniuliza kitandani lilikuwa lile lile, akinishika kiganja kama mtoto aliyesikia fisi nje.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Dutwa mliochota maji na kupika, wenzake wa kazi mliosafiri kutoka Mwanza, na wewe kaka, lala, hakuna tena kimo cha kulinda.

Limebaki moja. Jana asubuhi, watu wakichimba kaburi, Mahona aliingia shimoni akachukua jembe, zamu yake ikaisha, akakataa kutoka, wakamwita, "Shemeji, toka, utachimba mpaka maji?", akatoka amejaa udongo, akaenda moja kwa moja alipoketi mama yetu, akapiga magoti, na maneno yake nayarudia kama alivyoyasema, naye ameridhia, yule pale amevua kofia:

"Mayu, wakwe zangu wa hapa Dutwa walikuwa wananiita karani wa pamba, nikataka wanione nikipita juu ya mji wao. Kapteni alikuwa amegeuka, anamhudumia dada yake. Nilikuwa namwona kila safari anavyofanya, nikadhani itashuka kidogo halafu itashika tena yenyewe. Kisha nikaogopa, nikaogopa miaka yote hii, na yeye alinitazama hospitali nikashindwa. Mwanao hakukosea, Mayu. Kile kigurudumu nilikizungusha mimi."