Mzee Vasant Ranbhise na Ukuta wa Shanti Vihar

Baba yetu, Mzee Vasant Ranbhise, alizaliwa tarehe 9 Februari 1949 mjini Ahmednagar, mtoto wa pili wa Mchungaji Yohan na Bi Tarabai.

Alisoma shule ya misheni mjini humo, kisha akaenda Pune kusomea mipango miji, akahitimu mwaka 1972. Bibi alisema Vasant hata chai aliichungulia kwanza kabla ya kuinywa.

Alifanya kazi katika ofisi moja ya mipango miji hadi alipostaafu. Mji ulipoanza kumeza mashamba ya miwa, wajenzi walileta ramani za mitaa yenye geti moja na njia zisizotokea popote. Baba alizirudisha. "Mtaa usiopitika unamkimbia nani?" aliwauliza. Nyingi zilipitishwa akiwa likizo, na hakuamini kamwe kwamba ilitokea kwa bahati tu.

Mwaka 1976 alimwoa mama yetu, Sushila, muuguzi. Walijaliwa kumpata Nitin, kisha mimi. Walijenga nyumba mtaa wa Kesarwadi, ambako njia ya nyuma ya nyumba ilifika sokoni, kanisani na hospitalini. Mwaka 2018 mtaa jirani wa Shanti Vihar uliikata njia hiyo kwa ukuta wenye kigeti cha kufuli. Wenye nyumba wa mle walipiga kura ya siri, na kaka yangu Nitin alikuwa mmoja wao. Tangu hapo Baba alimtazama mwanawe kwa jicho la pembeni.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hospitali ya kusafishia damu tuliiona kutoka barazani, lakini ilitubidi kuzunguka barabara kuu, katikati ya malori. Wiki ya mwisho Nitin aliketi kitandani pake.

"Baba, ule ukuta niliupigia kura. Niliogopa wezi."

"Najua. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Kisha akamwomba amkune mgongo.

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, ndani ya gari tukimpeleka hospitali, kwenye foleni ya malori ya barabara kuu ile ile.

Jana mwenyekiti wa Shanti Vihar alituletea shada, akaahidi kufungua kigeti ili jeneza lipite. Nikamuuliza, na baada ya mazishi? Akasema hilo ni la kamati.

"Basi tutazunguka," Mama akamjibu. "Tusubirini makaburini."

Ndiyo maana mmetusubiri juani. Mtuwie radhi.

Marehemu ameacha mjane, Bi Sushila, watoto wawili, Nitin na mimi, Sharada, wajukuu wanne, na dada yake, Bi Kamalbai. Bwana ampe pumziko la amani.