Nani Anakufulia?

Kwenye treni ya jioni, fundi wa kubomoa mapaa alikaa mbele yangu, ovaroli yake imejaa vumbi la mabati ya asbesto. Mama mmoja pembeni yake alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Pole, mama," fundi alisema. "Ni mafua?"

"Ni vumbi kama hilo lako, mwanangu. Daktari kasema limekaa mapafuni miaka mingi."

"Kumbe na wewe ulifanya kazi hii?"

"Thubutu! Mume wangu ndiye aliyefanya kazi kiwanda cha asbesto, na yeye yu buheri wa afya. Mimi nilikuwa nazikung'uta nguo zake kabla ya kuzifua."

Fundi alijaribu kucheka. "Mama, usinitishe. Mbona mimi mwenyewe sikohoi?"

"Mume wangu naye hakohoi. Wewe nani anakufulia?"

Fundi alianza kupapasa mifuko akitafuta simu. Sisi wengine tulikuwa tumeshajisogeza mbali naye, tena bila aibu. Treni iliposimama alikuwa mlangoni na simu sikioni. "Mama watoto, zile nguo za jana usiziguse!" Akasikiliza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umezikung'utia ndani?"