Bi Rudia na Sauti Mbili za Chiriku

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, fundi mkuu wa sauti wa kituo chetu cha redio anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Ana jina lake kamili kwenye kitambulisho, lakini ukilitaja getini mlinzi atakuambia hamjui mtu huyo. Hapa kwetu anaitwa Bi Rudia. Jina hilo alipewa na waimbaji, na hawakumpa kwa mapenzi. Mtu anamaliza wimbo huku jasho linamtiririka, anasubiri kusifiwa, halafu kutoka upande wa pili wa kioo inakuja sauti ya upole: "Rudia, mpenzi." Wapo walioondoka wakilia. Baadhi yao ndio hao tunaowasikia hewani kila asubuhi.

Hakuanzia kwenye mitambo. Alianzia mapokezi, kwenye meza iliyotazamana na mlango wa studio. Enzi hizo mwanamke aliyeletwa kuimba alikuja kuitikia tu. Alisimama nyuma, mbali na maikrofoni, akaitikia, akachukua mkoba wake, akaenda zake bila jina lake kutajwa. Mlango ulikuwa haufungi vizuri, na Bi Rudia alikuwa akisikia kila kitu. Siku moja alimvizia fundi wa zamu kwenye ngazi, mzee aliyeogopwa na ofisi nzima, akamwambia, "Mzee wangu, shikamoo. Yule dada uliyemweka karibu na pazia, ungemsogeza mbele kidogo." Mzee alinuna mpaka jioni. Wiki iliyofuata akaomba yule binti wa mapokezi ahamishiwe kwake. Alisema kama ni lazima asumbuliwe, basi asumbuliwe kwa karibu.

Huo ndio mwanzo wa kipindi cha Jumamosi, Dada Sogea Mbele. Kwa ajili ya kipindi hicho Bi Rudia alibeba kinasa sauti kwenda kila mahali wanawake walipofanya kazi huku wakiimba: chumba cha kufulia cha hospitali, jiko la shule, banda la kuchambua maharage. Aliporudi alivua viatu, akafumba macho, akasikiliza. Hakupenda sauti kubwa kwa sababu ni kubwa. Alikuwa akitafuta ile inayomfanya mtu aache alichokuwa akifanya. Tulijua ameipata pale vidole vyake vya miguu vilipojikunja.

Vilijikunja siku alipokuja Chiriku. Hakuja kuimba. Alimsindikiza shangazi yake, mama mwenye kifua na sauti ya kutosha ukumbi mzima. Shangazi aliimba, na mpwa wake, mshonaji wa sare za shule, akamwitikia kutoka kwenye kiti cha pembeni ili asipoteze mpigo. Bi Rudia alimshukuru shangazi vizuri sana, kisha akamwomba aketi yeye kwenye kile kiti cha pembeni. Shangazi yule bado yu hai, na hadi leo anasema alikwenda studio mwimbaji akatoka msindikizaji.

Sauti ya Chiriku ilikuwa nyembamba, safi, na ilipanda juu bila kuonyesha kwamba inapanda. Ndani ya miaka michache hapakuwa na nyumba isiyomjua. Watu walisimamisha mazungumzo ili ile sehemu ya juu ipite kwanza. Na kila wimbo wake ulipita kwenye mikono ya Bi Rudia.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Mwanzoni alisema ni mafua, baadaye akasema ni vumbi la vitambaa. Daktari wa koo alimwangalia kwa kifaa chake akaona uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Ulipaswa kutolewa, na hakuna aliyeweza kuahidi kitakachobaki. Mpaka siku ya upasuaji, daktari alimtaka anyamaze. Hata kunong'ona alimkataza.

Mkurugenzi wetu wa wakati huo aliona jambo jingine. Alitaka Chiriku aimbe nyimbo zake zote moja kwa moja hewani, kabla ya upasuaji, na zirekodiwe. Ilitangazwa kutwa nzima. Lawama zote zisiende kwake peke yake, kwa maana Chiriku mwenyewe ndiye aliyelitaka hilo kuliko mtu yeyote. "Kama inaondoka," alisema, "nataka nijue nimeitoa yote." Mama yake hakutaka. Alikuja naye, akakaa kwenye chumba cha mitambo nyuma yetu, mkoba mapajani, mikono miwili juu ya mkoba.

Mimi nilikuwa kwenye meza ya pili, nikisimamia muziki. Bi Rudia alimwambia mkurugenzi mbele yangu kwamba halipendi jambo hili. Mkurugenzi akamjibu kwamba hajaombwa kulipenda. Taa nyekundu ikawaka.

Wimbo wa kwanza ulikwenda salama. Nilishusha pumzi, nikamwangalia Bi Rudia, nikakuta amekunja uso. Wimbo wa pili, alipofika pale juu, sauti ilipotea kidogo, kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi, ikarudi. Upande wa pili wa kioo, wageni walioalikwa kumsikiliza walipiga makofi. Kwenye hedifoni ilisikika tofauti. Chini ya noti kulikuwa na mkwaruzo mdogo, mkavu, uliokuja kila alipovuta pumzi. Chiriku alishika shingo yake kwa vidole viwili, akaiachia haraka, akatabasamu ili mama yake asione. Mama alikuwa ameona. Nilisikia kiti chake kikisogea.

Wimbo wa tatu ndio ule uliompa jina. Una sehemu moja ambayo watu wote huingoja, na sisi sote mle ndani tulikuwa tunaingoja kwa hofu, kama mtu anayetazama mtoto juu ya ukuta. Ubeti wa kwanza ukapita. Mkwaruzo ulikuwa unakua. Chiriku alifumba macho, akajaza kifua, akaanza kupanda.

Bi Rudia akashusha sauti ya maikrofoni ya Chiriku mpaka chini kabisa.

Hewani kukawa kimya. Nchi nzima ilisikia ule ukimya. Bi Rudia akaninong'oneza, "Weka muziki," nikaweka wa kwanza niliougusa. Ndani ya studio Chiriku alisikia hedifoni zimekufa, akakatisha noti, akafumbua macho.

Mkurugenzi aliingia akiwa amebadilika rangi. "Nani amekuruhusu kukata?"

"Hakuna," Bi Rudia akajibu. "Nimekata mwenyewe."

Lakini aliyetuumiza ni Chiriku. Alikuja mpaka mlangoni, akasema kwa sauti iliyokuwa imebaki, "Ule ulikuwa wimbo wangu, dada. Haukuwa wako." Mama mtu akasimama, akamshika bintiye mkono. "Twende nyumbani, mwanangu. Nyamaza sasa." Wakaondoka, na koridoni hakuna aliyethubutu kuwasalimu.

Kesho yake Bi Rudia alihamishiwa kitengo cha magari. Fundi bora wa sauti tuliyekuwa naye akawa anagawa funguo na kuuliza nani ameacha tairi bila upepo. Madereva walimpenda, maana alikuwa akijua gari bovu kwa kulisikia likiingia getini. Kwetu studio kulipooza.

Chiriku alifanyiwa upasuaji, akapona. Je, ule wimbo ungemalizika, ungemharibu kabisa? Daktari aliulizwa, naye alisema kwa uaminifu kwamba hajui. Kwa hiyo hapa ofisini wapo walioamini Bi Rudia aliokoa koo la mtu, na wapo walioamini aliinyang'anya nchi wimbo wake wa mwisho. Mabishano hayo yameshaunguza chai nyingi.

Sauti iliyorudi haikuwa ile. Ilikuwa nzito, ya chini, yenye ukungu. Chiriku aliisikia mara moja akakataa kuimba tena. Akarudi kwenye cherehani.

Baada ya muda Bi Rudia alikwenda kwenye duka lake la ushonaji akiwa na sketi ya kupanuliwa kiuno. Chiriku alimpima, pini mdomoni, akamwandikia siku ya kuichukua. Bi Rudia akarudi na sketi nyingine, na nyingine tena. Mume wa Bi Rudia aliniambia kwamba kipindi hicho nyumbani kulikuwa na sketi za mwanamke wa kila umbo. Kila mara Bi Rudia alikaa kwenye benchi la wateja muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Na siku moja, chini ya mlio wa cherehani, Chiriku alijisahau akaanza kuimba kwa kuguna.

"Hiyo," Bi Rudia akasema.

Cherehani ikasimama. "Hiyo nini?"

"Hiyo ya chini. Hukuwa nayo zamani."

"Haya ni makapi ya ile, dada. Usinicheke."

"Sikuja kuulizia ile," Bi Rudia akasema. "Ile niliipenda, imekwenda. Nakuuliza hii ni ya nani, mbona umeifungia ndani?"

Chiriku alimwambia atoke. Alitoka. Sketi aliiacha.

Aliyekuja kututafuta baadaye alikuwa Chiriku mwenyewe. Tulikuwa na mkurugenzi mpya, na Bi Rudia alikuwa amerudishwa kwenye mitambo. Chiriku aliingia studio asubuhi bila miadi, akasimama mbele ya maikrofoni, akashindwa. Alifungua mdomo, akafunga. Nilidhani ataondoka. Bi Rudia hakumhimiza wala hakumtuliza. Alizima taa nyekundu, akainamisha kichwa, akasubiri, na mimi pia nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza. Tulikaa hivyo. Ndipo ukaja ule wimbo wake, umeshushwa chini, polepole, kila neno likisikika kama linasemwa kwa mtu mmoja. Alipofika pale ambapo zamani alipanda, alishuka. Sikuwahi kujua maneno ya sehemu ile. Miaka yote tulikuwa tunasikiliza kupanda kwake tu.

Tulipoupiga hewani, simu zilijaa. Wa kwanza aliuliza ni nani huyu anayemharibia Chiriku wimbo. Wa pili aliomba urudiwe kwa ajili ya mama yake. Hadi leo wapo wanaopenda sauti ya kwanza, na Bi Rudia hawabishii. Yeye husema mwimbaji mmoja amempa sauti mbili, na kuna watu hawapati hata moja.

Tangu hapo amewafundisha vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, na wote wameambiwa warudie. Amewatoa nyuma ya pazia wanawake ambao sasa wanasimama mbele bila kuombwa. Sisi wa mitambo tumejifunza kwake kumwangalia mwimbaji shingoni kabla ya kuangalia saa.

Nilipokuwa naandika wasifu huu nilimpigia Chiriku simu, nikamuuliza kama amemsamehe. "Andika kwamba bado namkasirikia, siku moja moja," alisema. "Halafu andika kwamba nikitunga wimbo, kabla hata mume wangu hajausikia, namwimbia yeye kwa simu. Ananiambia nirudie, nami narudia."

Bi Rudia, dada yetu na mwalimu wetu, asante kwa kila ulichosikia ambacho sisi tulikipita. Upate afya njema, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na zamu, na nyumba yenye vicheko. Sketi zimeshatosha, kapumzike.