Mzee wa Merigi Anayeng'oa Bure

Ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya chai bibi Elmina alipopanda Probox ya abiria ya kwenda Bomet, shavu limevimba kwa jino bovu na bima hana. Msichana aliyeketi kando yake alivua skafu yake, akamfunga lile shavu kwa upole.

“Gogo, bibi yangu, hospitali itakumaliza pesa. Hapo Merigi kuna mzee anang'oa bure. Anabaki na jino tu, anapanda kwa shamba. Wazee wetu si waling'olewa meno mawili ya chini kwa mila na wakaishi?”

“Na wewe alikung'oa mangapi, mwanangu?”

Msichana alicheka. Ufizi mtupu, juu na chini. “Nilienda na moja, gogo. Hayo mengine aliyaita, nikampelekea.”

Gari likasimama Merigi. Ghafla jino la Elmina likaacha kuuma.

“Mzee amekusikia,” msichana alinong'ona, akimshika mkono.

“Shosho, unashuka ama tuendelee?” dereva akamuuliza Elmina.